Walifunga mlango Sun City, nyumbani waliomba ruhusa

Mwaka wa 2002, mwanamke aliyeolewa hapa Lubumbashi akienda ku banki kuchukua deni ya kuanzisha biashara, biro ilikuwa na haki ya kumuuliza mbele ya yote: «Bwana yako eko wapi? Ameitika?» Haikuwa ubaya wa yule kijana wa nyuma ya dirisha. Ilikuwa sheria. Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987, katika vifungu vyake vya 448 na 450, ilisema kwamba bibi hawezi kujifunga kwa mkataba, hawezi kununua wala kuuzisha mali, hawezi kwenda kushitaki mtu mbele ya tribinali kwa mambo ya raia, pasipo ruhusa ya bwana wake. Kifungu cha 444 kilikuwa kimekwisha kuweka msingi: bwana ni mkubwa wa nyumba, bibi anapashwa kumtii.

Mwaka uleule, mwezi wa Aprili, tuko Sun City, Afrika ya Kusini. Mazungumzo ya Wakongomani yalianza tarehe 25 Februari, chini ya Ketumile Masire, aliyekuwa raisi wa Botswana. Serikali ya Kinshasa, waasi wa RCD, waasi wa MLC, wamai-mai, vyama vya siasa, mashirika ya raia, wote walikusanyika pamoja. Wajumbe walikuwa karibu 340. Wanawake kati yao, 40 hivi. Mambo yakanasa. Kila mkubwa akashika lake, wiki zinapita, na huku kwetu watu wanakufa. Njo pale wanawake waliposhikana mikono wakafunga milango ya chumba cha mkutano: hakuna kutoka mpaka mtie mkono kwenye karatasi.

Tuyaweke hayo mawili moja kando ya lingine. Wamama wa Kongo walikuwa wanawalazimisha wakubwa wa vita kusinya amani, na sheria ya inchi yao wenyewe ilikuwa inasema kwamba mwenye kuolewa hawezi kusinya peke yake karatasi ya kukodi nyumba ya vyumba viwili mu Katuba. Siye, tukitafuta kujua vita ilileta nini katika maisha ya wanawake wa Kongo, tunaanzia hapo, kwa ile sinyatire.

Wasomaji wetu wengi ni watu wa mine. Watasema: Sun City ni mambo ya wanasiasa, sisi inatuangalia wapi? Inawaangalia. Tena inawaangalia kuliko wengine, kwa sababu hapa Katanga nyumba ya mtumishi ilijengwa yote juu ya jina la mtu mumoja.

Turudi nyuma kidogo. Union Minière ilipoanza kutaka watumishi waje na mabibi zao mu kambi, mwishoni mwa miaka ya 1920, iliwapa nyumba, lopitali, masomo ya watoto na posho. Posho ya baba, posho ya mama, posho ya watoto, yote ilipitia kwa matrikile ya baba. Mama alikuwa na haki ya unga kwa sababu alikuwa bibi wa matrikile fulani. Baba akifukuzwa kazi ao akifa, nyumba ilirudi kwa kompani. Ku foyer social mama alifundishwa kushona na kupika, si kuhesabu mshahara. Na inchi ilipoenda kupata uhuru, katika uchaguzi wa Mai 1960, ni wanaume tu waliopiga kura. Wanawake walingoja mpaka katiba ya 1967.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université de Lubumbashi aliandika kitabu juu ya hayo, kilitoka mwaka wa 2001: «Bana Shaba abandonnés par leur père». Baba anayesemwa kwenye lile jina ni kompani yenyewe. Mwenye kukisoma ataona kwamba mamlaka ya mwanaume mu kambi ilisimama juu ya kile kompani ilichokuwa inamupa. Kompani ilipoacha kutoa, mamlaka nayo ikatikisika.

Na iliacha kutoa. Mu Septemba 1990 mine ya Kamoto, kule Kolwezi, ilianguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatosha karibu tani nusu milioni ya mukuba kwa mwaka. Mwaka wa 2003 haikufika hata tani 20 000. Katikati ya hiyo miaka kulikuwa vita ya 1996, halafu vita ya Agosti 1998. Mishahara ilikuwa haitoki, mwezi juu ya mwezi. Ni nani alilisha watoto? Kila mtu aliyekuwa na macho anajua. Ni bamama. Mama wa mukate na mandazi mbele ya kipango, mama wa makala, mama wa shamba kwenye njia ya Kasenga na ya Kipushi, mama anayeamuka saa tisa ya usiku kwenda Kasumbalesa kutafuta unga wa Zambia. Likelemba ilifanya kazi ya banki, kwani ku banki yenyewe wangeulizwa bwana eko wapi. Bwana alikuwa nyumbani, amekaa, anangoja Gécamines iite.

Mwaka wa 2003 ikaita, lakini kwa kusema kwaheri. Kwa franga za Banque mondiale, watumishi 10 655 walikubali ile iliyoitwa «départs volontaires», wakapewa franga za mara moja, hesabu ikafungwa. Karatasi ilisinywa na mtumishi. Franga ilipokewa na mtumishi. Bibi aliyekuwa amelisha ile nyumba miaka mingi kwa mandazi hakuwa na mahali pa kutia mkono. Kwa familia zingine ile franga ilinunua kiwanja ao mashini ya kusaga. Kwa zingine iliisha mbele ya mwaka kuisha, na watu mu kambi wanajua iliishia wapi.

(Tunajua pia kuna wababa waliokaa mezani na mabibi zao wakahesabu pamoja. Tunawapa heshima. Lakini hawakufanya vile kwa sababu sheria iliwaambia. Walifanya kwa sababu ya roho yao, na roho ya mtu si sheria.)

Hapa Lubumbashi vita tuliisikia, tukaona wakimbizi, tukaona basoda wanapita. Kaskazini waliiishi. Pweto ilianguka mu Desemba 2000, watu na basoda wakavuka kwenda Zambia, wengine walishuka mpaka huku kwetu. Hata makaratasi ya amani yalipokwisha kusinywa, ile inchi kati ya Manono, Mitwaba na Pweto iliendelea kuitwa «triangle de la mort». Gédéon Kyungu Mutanga na watu wake walichoma vijiji. Tribinali ya kijeshi iliketi Kipushi, na mu Machi 2009 ikamukatia hukumu ya kifo. Alitoroka ku boloko ya Kasapa mu Septemba 2011. Machi 2013 Bakata Katanga waliingia mpaka ndani ya mji wetu huu.

Mwanamke aliyekimbia Mitwaba na watoto wanne, bwana hajulikani kama eko hai ao amekufa, ni nani angemupa ruhusa ya kukodi nyumba, ya kuuzisha lile shamba lililobaki, ya kumushitaki aliyemunyanganya mbuzi zake? Ni kweli, sheria iliacha kanjia: bwana akikosa ao akikatala, mama aende kuomba ruhusa kwa tribinali. Tunajiuliza wabunge wa 1987 walikuwa wanawaza tribinali gani, kwa watu wanaolala mu pori.

Sasa, wale 40 wa Sun City walitokea wapi? Hawakuanguka kutoka mbinguni. Mu Oktoba 2000, Conseil de sécurité ya Umoja wa Mataifa ilipitisha résolution 1325, inayosema kwamba wanawake wapashwa kukaa kwenye meza ya amani. Karatasi ya New York. Wanawake wa Kongo waliishika wakaifanyia kazi. Mu Februari 2002 walikutana Nairobi, kwa msaada wa shirika la Femmes Africa Solidarité na mashirika mengine: wanawake wa upande wa serikali, wanawake wa upande wa waasi, wanawake wa mashirika ya raia. Muwaze ile wakati. Kutoka Goma kuja Kinshasa ilikuwa kama kutoka inchi moja kwenda ingine. Mama wa RCD na mama wa Kinshasa walikuwa na wandugu waliouana. Walikaa, wakapatana juu ya maneno wanayotaka kusema kwa sauti moja, wakaenda nayo Sun City. Wanaume wao walifika kila mtu na lake.

Tusidanganye mtu: ile karatasi ya Aprili 2002 haikumaliza vita. RCD-Goma ilikatala kuingia. Ilipashwa kungoja mapatano ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002, halafu tena Sun City mwanzoni mwa Aprili 2003. Lakini wanawake walikuwa wameingia ndani ya nyumba, na walipoingia hawakutoka. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ina kifungu cha 14: serikali inapashwa kuondoa ubaguzi wowote juu ya mwanamke, na mwanamke ana haki ya kuwa sawasawa na mwanaume ndani ya taasisi za inchi. Kifungu cha 15 kinasema juu ya unajisi unaotumiwa kuvunja jamaa na kabila: ni kosa juu ya ubinadamu. Mu Julai 2006 sheria ya unajisi ikatiwa nguvu. Ile kazi Daktari Denis Mukwege alianza Panzi, Bukavu, mu 1999, ilikuwa imeonyesha dunia vidonda. Wamama kama Julienne Lusenge na SOFEPADI, walioanza Ituri mu 2000, walikuwa wanatafuta tribinali iwasikilize walioumizwa.

Mbali sana na huku, kaskazini ya Siria, wanawake wa Kikurdi walipitia njia ingine. Mwaka wa 2013 waliunda jeshi lao la wanawake, YPJ, na walikuwa kati ya wale waliolinda mji wa Kobane juu ya Daesh, toka Septemba 2014 mpaka Januari 2015. Yenye inatugusa zaidi si bunduki. Ni kwamba katika miaka ileile, vita ikiwaka, serikali yao ya pale iliandika sheria: kila kiti cha uongozi kiwe na mwanaume na mwanamke, mwanaume asioe wawili, musichana na kijana wariti sawasawa. Kila mara walipoambiwa «vita iishe kwanza, mambo ya wanawake tutaona kisha», walikatala. Siye hatuombe batoto yetu basichana bashike bunduki. Wale wa Sun City hawakuwa nayo, na wanawake wa Liberia waliozuia milango ya mkutano wa Accra mu 2003, pamoja na Leymah Gbowee, hawakuwa nayo pia. Lakini lile neno «kisha» tunalijua sana.

Kwa sababu hapa kwetu «kisha» ilichukua miaka kumi na mine. Katiba inasema usawa mu 2006, Code de la famille inasema ruhusa ya bwana, na yote mbili zinatembea pamoja ndani ya inchi moja. Sheria ya uchaguzi ya mwaka uleule ilisema kwamba liste isiyokuwa na wanawake haiwezi kutupwa kwa sababu hiyo. Ni sawa na kumuambia mtu karibu na kufunga mlango. Mwaka wa 2015, tarehe 1 Agosti, ikatoka sheria juu ya haki za mwanamke na usawa. Mu 2022 wabunge waliongeza kitu: chama kinacholeta liste yenye nusu ya wanawake hakilipi franga ya kujiandikisha. Hata vile, mu Bunge la Kinshasa wanawake hawafike hata robo.

Sinyatire ya bwana yenyewe iliondoka tarehe 15 Julai 2016. Siku ile Code de la famille ilibadilishwa. Leo mwanamke aliyeolewa anafungua konti, anasinya mkataba wa kazi, anakodi nyumba, anaingia mu koperative, anashitaki, bila kuomba karatasi kwa bwana. Tunalisema waziwazi kwa sababu tunajua mahali ambapo bado wanaiomba. Mama akiulizwa, ajibu kwamba ile sheria imekufa toka 2016.

Yote haikubadilika. Bwana bado ndiye mkubwa wa nyumba ndani ya kifungu cha 444, lakini pahali pa «bibi anapashwa kumtii» wameandika kwamba bwana na bibi wanapashwa kulindana na kuheshimiana. Kifungu kipya cha 448 kinasema bwana na bibi wapatane mbele ya kujifunga kwa mambo ya sheria. Kama hawapatane, aliyekosewa aende ku tribunal de paix. Wababa wengine wanalalamika kwamba sheria imewanyanganya nyumba. Wasome vizuri: hata bwana sasa hawezi kuuzisha kiwanja cha jamaa paka peke yake.

Kuna jambo moja ambalo kwa jamaa za wachimbaji lina uzito kuliko ku banki. Ni kifo. Shimo likianguka, ao kamio ikipinduka kwenye njia ya Likasi, siku ya tatu wandugu wa marehemu wanafika na wanahesabu viti. Mjane anaketi chini, watu wanabeba televizio. Sheria ya uriti inasema nini? Watoto wote wa marehemu, waliozaliwa ndani ya ndoa na wale wa inje aliowakubali kwa sheria akiwa hai, wanapata robo tatu ya mali. Ile robo inayobaki ndiyo inagawanywa kwa makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na wandugu wake. Makundi yote yakiwa, kila moja linapata sehemu moja kwa kumi na mbili. Wajomba na ma-tantine wanaokuja na pikipiki kubeba mali hawana kitu pale ambapo marehemu ameacha watoto. Na mjane ana haki ya kubakia ndani ya nyumba waliyoishi, na vyombo vyake. Zaidi ya hayo, kama hawakuchagua namna ingine siku ya ndoa, mali waliyoipata pamoja ni ya wote wawili: nusu ya mama haiko uriti, ni yake toka zamani.

Kwa wanawake wanaotumika ku mine wenyewe, usawa unatembea polepole zaidi. Kila mtu amesikia ile maneno: mwanamke akiingia mu shimo, mali inakimbia. Kwa hiyo mwanamke anaosha mawe mu maji, anachagua, anabeba, na anangoja bei ipangwe na mwanaume na negosia. Code minier iliyobadilishwa mu 2018 inataka kila mchimbaji awe ndani ya koperative. Hakuna kifungu kinachosema koperative ni ya wanaume. Hata hivyo tukitazama kamati nyingi tunaona wanaume watupu, na mama anaitwa siku ya kupika bukari ya wageni. Haya si mambo ya sheria tena. Ni sisi.

Na vita haijaisha. Goma ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu mu Februari. Tarehe 27 Juni 2025, Washington, aliyesinya mapatano na Rwanda kwa jina la Kongo alikuwa mwanamke, Thérèse Kayikwamba Wagner, waziri wa mambo ya inje. Waziri mkuu alikuwa Judith Suminwa Tuluka, mwanamke wa kwanza kushika ile kazi, aliyetajwa tarehe 1 Aprili 2024. Miaka tisa mbele yake, kwa sheria ya inchi, bibi aliyeolewa alihitaji ruhusa ya kuuzisha baiskeli. Lakini tarehe 19 Julai, Doha, kati ya Kinshasa na M23, mikono miwili iliyoandika ilikuwa ya wanaume. Jina la mwanamke juu ya karatasi halikuzuia risasi Kivu, na hatukuona kwamba majina ya wanaume yaliizuia.

Wanaotuuliza mahali pa kuanzia, tunawatuma ku komine. Jamaa nyingi hapa zina ndoa ya kifamilia, na zingine ya kanisa, bila kuandikisha. Sheria inataka ndoa ya kifamilia iandikishwe ku biro ya état civil ndani ya mwezi mumoja. Wengi hawajafanya, hata baada ya miaka ishirini na wajukuu. Kisha baba anakufa, mjane anaenda ku CNSS kuomba pansheni, wanamuuliza acte ya ndoa, na hana. Wandugu wa bwana nao wanasema: huyu alikuwa paka rafiki yake. Ile acte inaandikwa ku biro ya komine, mbele ya washahidi, bwana na bibi wote wawili wakiwa pale. Chini yake, wote wawili wanatia mkono.